Kwa Nini Ng'ombe Wetu Wako Ushago

Wiki ya tatu ya Desemba, nauli ya kwenda ushago hupanda hata mara mbili. Watu hulalamika, kisha hulipa. Ukipita Machakos Country Bus usiku utaona mizigo ileile ya kila mwaka: mikate, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni ya mche, blanketi jipya la shosho. Baada ya mwaka mpya, mabasi hayohayo hurudi na mizigo mingine kabisa: ndizi, njugu, maharagwe, gunia la mahindi, na kuku hai aliyefungwa miguu chini ya kiti, anakodoa macho kama abiria aliyepitishwa stage yake.

Katikati ya mizigo hiyo miwili ndiko iliko likizo yetu. Mtoto wa Umoja au Kayole anakutana na ndama kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba ulimi wake unakwaruza. Anapanda mpera mpaka anaitwa ashuke. Anatumwa kuokota mayai, anarudi na matatu, la nne limepasuka njiani. Jioni anachoma mahindi jikoni kwa moshi unaowasha macho, huku watu wazima wakiongea mambo ambayo Nairobi hawayaongei.

Vitabu vya hadithi tulivyosoma shuleni vilikuwa na kitu kinachofanana na hiki. Watoto wa Uingereza, mwezi wa Julai, jua, bustani nyuma ya nyumba, mbwa, chakula kwenye nyasi. Sisi Julai ni mwezi wa sweta na ukungu. Joto letu huja Desemba na kukaa mpaka Machi. Lakini tofauti kubwa haiko kwenye kalenda. Wale watoto wa vitabuni walifungua mlango wa nyuma tu wakaingia bustanini. Sisi tunapanda basi. Kwa wengi wetu, bustani ya familia na wanyama wa familia wako mamia ya kilomita kutoka kitanda tunacholalia mwaka mzima.

Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni utamaduni. Mtu ni kwao, mwacha mila ni mtumwa, na kadhalika. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba Nairobi ilijengwa makusudi ili ng'ombe wako, shamba lako na watoto wako wawe mahali pengine.

Na cha ajabu ni kwamba hapa ng'ombe ndio waliotangulia. Kabla ya reli, mahali hapa palikuwa malisho na vinamasi ambako Wamaasai walinywesha mifugo. Jina lenyewe, Enkare Nairobi, ni la maji baridi. Reli ilifika mwaka 1899, ikaweka bohari na mahema, na mji ukaota. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho yao makubwa ya Bonde la Ufa, na ule wa 1911 ukawatoa Laikipia na kuwasukuma kusini. Ndiyo maana kila ukame mkali, wachungaji wanapoleta ng'ombe kutafuta nyasi kando ya barabara za jiji na watu mitandaoni kucheka kwamba mifugo imepotea, inafaa tukumbuke nani alipaita hapa nyumbani kwanza. Wale ng'ombe hawajapotea. Wamerudi kwenye maji yao.

Mji ulipokua, uligawanywa kwa rangi ya ngozi, na mgawanyo huo ulifuata hata rangi ya udongo. Wazungu walichukua miinuko ya magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu unaostawisha karibu kila kitu. Wahindi walipata Parklands na Ngara. Waafrika wakapelekwa mashariki, kwenye tambarare za udongo mweusi, ule unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Ukijaribu kupanda waridi Eastlands leo utaelewa kwamba ramani ya mkoloni bado iko chini ya miguu yako.

Tena Mwafrika hakutarajiwa kupanda chochote pale. Hakutarajiwa hata kukaa. Alikuwa mfanyakazi wa muda, mwanamume, bila mke na bila watoto. Alivaa kipande shingoni kuonyesha kwamba ana mwajiri. Makao aliyojengewa yalikuwa ya mtu wa aina hiyo. Kariokor, mtaa uliopata jina kutokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikuwa mtaa wa nafasi za vitanda. Mtu alipewa pa kulaza ubavu, basi. Huwezi kufuga kuku kwenye nafasi ya kitanda.

Hesabu ya mwajiri ilikuwa rahisi. Ikiwa mke na watoto wa mfanyakazi wako kijijini, wanalima na kukamua, basi hakuna haja ya kumlipa mshahara wa kulisha familia. Mlipe wa kumlisha yeye. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilichunguza mishahara ya Waafrika na kukuta kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mjini katika kampuni za watu binafsi walilipwa pesa zisizotosha mahitaji ya msingi ya mtu mmoja. Kamati ikapendekeza mshahara ulengwe kwa familia. Pendekezo zuri, ila lilichelewa zaidi ya miaka hamsini.

Kwa hiyo turudi kwenye ile mizigo ya basi. Sukari na sabuni zinakwenda, mahindi na kuku wanakuja. Tunaona ni zawadi, na ni zawadi kweli. Lakini pia ni hesabu ya zamani inayojilipa. Shamba la shosho ndilo lililoziba pengo la mshahara wa guka. Dani akipalilia Siaya, kukhu akikamua Kakamega, kuna kampuni Nairobi iliyokuwa inabakisha pesa.

Ng'ambo ya pili ya mji, bustani zilikuwepo, tena kubwa. Jakaranda na bogenvilia zilizoletwa kutoka Amerika Kusini, waridi, nyasi zilizokatwa sawasawa, na mbwa. Mbwa hao ndio waliotuachia kibao ambacho bado kinaning'inia kwenye mageti ya Nairobi: MBWA KALI. Aliyeijua bustani ile kuliko wote aliitwa "shamba boy", hata kama alikuwa na wajukuu. Alijua lini waridi likatwe na wapi maji yanatuama. Alilala kwenye chumba cha nyuma, ile SQ ambayo leo tunaikodi kwa bei ya kuumiza, na mara nyingi familia yake haikuruhusiwa kuishi naye. Watoto wa mwenye nyumba walicheza kwenye nyasi alizokata yeye. Watoto wake mwenyewe aliwaona likizoni.

Kuhusu nyasi hizo kuna kioja. Kuna aina inayotoka nyanda zetu za juu na inayojulikana duniani kote kwa jina la Kikuyu. Ilivuka bahari, na leo imetandazwa kwenye bustani na viwanja vya Australia, Afrika Kusini na California. Nyasi zilipata visa mapema. Watu walibaki na kipande.

Wanyama nao walikuwa na madaraja. Karen Blixen, aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong tangu 1914 hadi 1931, aliandika katika *Out of Africa*, kitabu kilichotoka 1937, kuhusu Lulu, mbawala mdogo aliyelelewa ndani ya nyumba yake. Ni kumbukumbu iliyopendwa na wasomaji wengi. Lakini kwenye shamba hilohilo waliishi familia za Kiafrika zilizoitwa maskwota. Sheria ya 1918 ilitaka skwota amfanyie kazi mwenye shamba angalau siku 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kuishi, kulima na kulisha mifugo yake hapo. Mnyama mmoja alipewa jina na sura kwenye kitabu. Wengine walikuwa idadi ya kupunguzwa.

Na walipunguzwa kweli. Katika miaka ya 1920, walowezi wa Bonde la Ufa walipoona mifugo ya maskwota imekuwa mingi, walianza kuiondoa kwa nguvu. Maskwota waliita operesheni hiyo kifagio. Ni neno la nyumbani kabisa, la ufagio mdogo wa kusafisha uwanja asubuhi. Waliona mbuzi na ng'ombe wao wakifagiliwa kama takataka. Mbuzi yule alikuwa mchezo wa mtoto, mahari ya kaka na akiba ya familia, vyote kwa pamoja. Wanahistoria wanapotafuta chanzo cha Mau Mau, kifagio ni mojawapo ya mahali wanapofika.

Kisha ikaja hali ya hatari, Oktoba 1952. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja katika eneo la kati walihamishwa kutoka maboma yao na kurundikwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na nyaya. Nyumba zilichomwa. Kwenda shambani kulihitaji ruhusa, saa maalumu, na askari nyuma yako. Watoto waliokulia ndani ya nyaya hizo ndio waliozeeka wakawa kina guka na kina shosho wetu. Ukimwona mzee anazungusha ua wa kayaba kwa bidii kuliko anavyotengeneza paa, au analaza hatimiliki chini ya godoro, usicheke. Anajua kinachoweza kutokea.

Mwaka uleule wa 1954 serikali ilitoa mpango wa Swynnerton: mashamba yaliyotawanyika yaunganishwe, watu wapewe hati, wakulima Waafrika waruhusiwe kupanda kahawa kwa wingi na kufuga ng'ombe wa gredi. Nia ilikuwa ya kisiasa, kutengeneza tabaka la wakulima watakaoshiba na kutulia. Lakini angalia matokeo yake kwenye albamu za picha. Ua, kahawa au chai, nepia kando ya mtaro, Friesian mmoja kwenye banda la mbao, mkebe wa maziwa unaosubiri lori asubuhi. Katika sehemu nyingi za nyanda za juu, picha tunayoiita ushago wa asili ina umri wa shosho tu. Haikutoka kwa mababu wa kale. Ilitoka kwenye vita na ofisi za ardhi, kisha watu wakaijaza mapenzi yao.

Mapenzi hayo yalikuwa na mtu wa kuyafanyia kazi. Kwa mtoto, ng'ombe alikuwa rafiki wa wiki tatu. Kwa shosho alikuwa kuamka saa kumi na moja kila siku ya maisha yake, kukata nepia kwenye mvua, kubeba maji, na kukesha ndama anapozaliwa vibaya. Kuku tuliyemkimbiza uwanjani tukicheka, yeye alimlisha miezi sita akimhifadhia mgeni, na mgeni ni sisi. Raha rahisi za likizo zilikuwa rahisi kwa sababu kuna mwanamke aliyebeba uzito wake tangu Januari.

Je, familia kuishi na bustani mjini ilikuwa haiwezekani? Iliwahi kujaribiwa. Miaka ya 1940, baada ya migomo na malalamiko mengi, wakoloni walijenga Kaloleni. Wazo lilitoka Uingereza, kwa Ebenezer Howard, ambaye mwaka 1898 alichapisha kitabu cha kutetea miji yenye bustani, mahali ambapo mfanyakazi angepata hewa na kijani bila kuhama kazi. Kaloleni ikapata nyumba za mawe zilizotazamana kuzunguka viwanja vya nyasi, miti, na ukumbi ambamo baadaye wanasiasa wa uhuru, Tom Mboya miongoni mwao, walikutana na watu. Ulikuwa mtaa uliokubali kwamba Mwafrika wa mjini ana mke na watoto. Ukipita leo, chini ya miti iliyobaki na katikati ya vibanda vilivyojaza viwanja, bado unaona mchoro wa kile ambacho jiji lote lingeweza kuwa. Kaloleni ilikuwa sampuli. Oda kamili haikufika.

Kuna waliokuwa wamefika mapema zaidi. Wanubi, wazao wa askari wa Sudan waliopigania jeshi la Waingereza, walikaa Kibra tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Jina hilo kwao ni msitu. Eneo lililotengwa lilikuwa zaidi ya ekari 4,000, na ndani yake walilima mahindi, wakafuga ng'ombe, wakazika wazee wao. Muulize Mnubi ushago wake ni wapi, swali la kawaida la Kenya, naye atakujibu: hapahapa. Kwa vizazi vingi jibu hilo lilionekana si jibu. Mji ulikula mashamba yao mtaa baada ya mtaa. Mwaka 2017 walipokabidhiwa hati ya ardhi ya jamii, ilikuwa ya ekari 288.

Wazo kwamba Nairobi haiwezi kuwa nyumbani liliingia hadi mahakamani. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Aliishi Lang'ata, na alikuwa na shamba Upper Matasia, Ngong, ambako mjane wake Wambui alitaka amzike. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana. Miezi mitano nchi nzima ilifuatilia mabishano kuhusu tofauti ya nyumba na nyumbani: ile unayokodi au kujenga mjini, na ile dala iliyowekwa kwa mila. Ukoo ulishinda, na Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Unaweza kuwa upande wowote wa kesi ile. Lakini ona jinsi miaka ishirini na mitatu baada ya uhuru, mawazo mawili tofauti, la mkoloni asiyetaka familia mjini na la ukoo unaomtaka mtu wake, yalivyokutana mahali pamoja: Nairobi ni pa kupita.

Wanawake wa mjini hawakusubiri hukumu. Walipanda sukuma kando ya reli, mahindi kwenye kingo za mto, nduma kwenye maji taka, mbuzi wakafungwa nyuma ya ploti. Kanjo walikuja na mapanga wakafyeka, wakisema mahindi yanaficha wezi na kuzalisha mbu. Msimu uliofuata yalipandwa tena. Utafiti wa Taasisi ya Mazingira uliofanywa katikati ya miaka ya 1980 katika miji sita ya Kenya ulikuta kwamba karibu asilimia 29 ya familia zililima mjini humo humo, na asilimia 17 zilifuga. Hawa walikuwa wavunja sheria ndogo za jiji, tena kwa sababu ya mboga. Ilichukua hadi 2015 kaunti ya Nairobi kupitisha sheria inayotambua na kusimamia kilimo cha mjini. Leo gunia la sukuma lililotobolewa pembeni ni kitu cha kawaida Kibera, na mtu akikuambia anafuga sungura kwenye rufu ya ploti, hushtuki.

Vilevile kuna bustani za wote, na hizo pia zina makovu. Uhuru Park, iliyofunguliwa 1969, ndiyo ushago wa siku moja wa wale wasioweza kusafiri Krisi: watoto kwenye boti, sambusa, picha ya familia kwenye nyasi. Mwaka 1989 ilikaribia kupandwa jengo la ghorofa 60. Wangari Maathai aliandika barua, akatukanwa bungeni, na jengo halikujengwa. Muongo mmoja baadaye alipigwa kwa sababu ya Karura. Ukienda Karura Jumapili, ukaona baba anamfundisha mtoto baiskeli chini ya miti, kumbuka kwamba picha hiyo ililipiwa kwa damu ya kichwa cha mtu.

Nayasema haya kwa sababu mpango wa zamani unakaribia kuisha. Ule ushago uliobeba furaha yetu unakatwa vipande. Kahawa ya Kiambu inang'olewa, pale paliposimama mkahawa panasimama fleti. Shamba la guka limegawanywa kwa watoto saba, na fungu la kila mmoja linatosha nyumba na kaburi. Wengine hawana pa kurudi tangu 2008. Wengine wana ushago lakini shosho hayupo tena, na bila yeye hakuna wa kuamka saa kumi na moja. Huku mjini, Pipeline wanajenga ghorofa zinazogusana mpaka mtoto anaanika nguo mahali ambapo jua halifiki.

Tunaweza kuendelea kulipa nauli mara mbili kila Desemba mpaka siku hakuna wa kumtembelea. Au tunaweza kuanza kuidai Nairobi vile shosho alivyolidai shamba lake, kwa ukaidi na kwa karatasi. Kila mtaa uwe na kiwanja kisichouzwa. Kila fleti iruhusu jua. Mboga ya mama kando ya mto isifyekwe kabla haijaulizwa. Hayo ni madai ya kawaida mno, na Kaloleni iliyajua miaka themanini iliyopita.

Kuna watoto wanaozaliwa Umoja sasa ambao wazazi wao walizaliwa Umoja, na nyanya zao wanaishi Umoja, orofa ya tatu, wana dhania kwenye debe na paka mmoja mwenye kiburi. Wakiulizwa shuleni ushago wao ni wapi, wengine hujibu kwa kunong'ona. Siku wakijibu kwa sauti, mwalimu aandike jibu hilo kama lilivyo.